Kitanda, Karo na Anwani: Wanafunzi wa Kibera na Kawangware katika Vyuo Vikuu vya Umma vya Nairobi

Bewa la Kenya Science la Chuo Kikuu cha Nairobi limo kando ya Ngong Road, na mtu akitoka mitaa ya mabanda ya Kibera au Kawangware anaweza kulifikia kwa miguu. Shule ya udaktari ya chuo hicho iko kwenye Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kati yake na Laini Saba, sehemu ya Kibera, pana Kenyatta Market na mwendo mfupi. Matatu za nambari 8 za Kibera na nambari 46 za Kawangware humshusha abiria katikati ya jiji, ambako University Way, penye bewa kuu la chuo hicho, haiko mbali. Ni vijana wachache wa kipato chao nchini Kenya walio jirani na vyuo vikuu vya umma kiasi hiki. Katika makala haya natetea kauli kwamba ujirani huo umewagharimu. Mifumo iliyopanga udahili na karo tangu miaka ya 1970 imemtambua mwanafunzi kwa alama za nje: wilaya au kaunti yake, aina ya shule aliyosomea, na mapato yaliyoandikwa kwenye fomu. Kila moja ya alama hizo, inapomfikia mtoto wa mtaa wa mabanda, humsoma kama mkaazi wa jiji lenye mali.

Tatizo linaanzia kwenye kuhesabu. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ikahesabu takriban 170,000, na ile ya 2019 ikaandika watu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra. Mjadala uliofuata ulihusu nani alidanganya na kwa faida ya nani. Swali ambalo lingemfaa zaidi mtaalamu wa elimu halikuulizwa: wangapi kati ya hao wamepata C+ katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na wangapi waliopata walifika chuoni na kumaliza? Taarifa za kitaifa hutuonyesha wanafunzi wa vyuo vikuu, sasa zaidi ya nusu milioni, kwa jinsia na kwa chuo. Hazituonyeshi wadi. Mwanafunzi wa Gatina, upande wa Kawangware, na mwanafunzi wa Kileleshwa, mtaa wa wenye uwezo, ambao wadi zao zimo katika eneo bunge moja la Dagoretti Kaskazini, wote ni wa "Nairobi", na wastani wa mmoja humfunika mwenzake.

Historia ya udahili inaonyesha jinsi anwani ilivyopata uzito huu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi yake kamili mwaka 1970, wanafunzi walikuwa wachache na serikali iliwalipia masomo, chakula na malazi. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa mikopo. Mwaka 1991, chini ya mashinikizo ya marekebisho ya kiuchumi, karo ya moja kwa moja ikaingia na mwanafunzi akaanza kujilipia chakula. Mwaka 1995 sheria ikaunda bodi ya mikopo ya Helb. Kwa miaka mingi hesabu ya nafasi ilifungamana na kitanda. Bodi ya pamoja ya udahili, JAB, ilikadiria idadi ya watakaoitwa kwa kuangalia vitanda vilivyopo katika mabweni ya vyuo vya umma. Kwa hiyo, ijapokuwa kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kilikuwa C+, alama iliyohitajika kweli ilipanda hadi kukaribia B, na maelfu waliohitimu wakabaki nje.

Utaratibu huo ulimpiga kijana wa Kawangware kwa namna ya pekee. Alishindania kitanda, na pengine akakikosa, katika jiji ambalo tayari alikuwa na mahali pa kulala, hata kama mahali hapo palikuwa nusu ya chumba cha mabati. Na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha Module II, mpango wa wanaojilipia, nafasi ambayo yeye aliikosa kwa pointi moja ikapatikana kwa mwingine mwenye alama za chini kuliko zake na mzazi mwenye fedha. Watetezi wa Module II husema fedha zile ziliviokoa vyuo wakati serikali ilipokuwa ikipunguza mgao wake. Ni kweli ziliviokoa. Lakini ziligeuza jiji lenyewe kuwa soko la digrii: madarasa ya jioni yakajengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisini, na jirani aliyeishi karibu zaidi hakuwa na bei ya kuingilia.

Soko hilo lilipopasuka, lilipasuka kwa haraka. Mwaka 2015 watahiniwa 165,766 walipata C+ na zaidi. Baada ya udhibiti mkali wa mitihani ulioletwa na waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, idadi ikashuka hadi 88,929 mwaka 2016 na 70,073 mwaka 2017. Serikali sasa iliweza kumpa nafasi kila aliyehitimu, na ikawapeleka wengine hata katika vyuo binafsi kwa gharama ya umma. Waliojilipia wakapungua, na madeni ya vyuo yakaongezeka. Kwa vijana wa mitaa ya mabanda hii ilikuwa miaka ya afadhali: C+ ilitosha, na karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, iliyodumu tangu miaka ya 1990, ingeweza kukusanywa kwa harambee ya ukoo na basari ya eneo bunge. Sisemi mfumo ule ulikuwa wa haki. Mtoto wa Lavington, mtaa wa matajiri, alilipa 16,000 zilezile, na ruzuku iliyomnufaisha ilitoka katika kodi ya sabuni ambayo mama fua pia huilipa.

Mfumo mpya uliotangazwa na Rais William Ruto Mei 2023 ulidai kusahihisha hilo hasa. Kila mwanafunzi angepimwa hali ya familia yake, kisha angepewa ufadhili, mkopo na kiasi cha kulipwa na nyumbani. Kufikia 2024 kulikuwa na bendi tano. Familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi iliwekwa katika bendi ya kwanza: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya pili, hadi shilingi 23,670, ilipewa 60, 30 na 10. Bendi ya tano, ya wenye zaidi ya 120,000, ilitakiwa kulipa asilimia 40 yenyewe. Wazo la kumpa zaidi mwenye haja zaidi ni zuri, na naliunga mkono. Kasoro imo katika kipimo.

Tuchukue mama fua wa Gatina anayekwenda Lavington kutafuta nguo za kufua. Akilipwa shilingi 500 kwa siku na kupata kazi siku 12 katika mwezi, ana shilingi 6,000. Kwa mapato peke yake, shilingi tano zimemtoa bendi ya kwanza. Binti yake akiitwa kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kozi iliyotangazwa, kabla ya punguzo la 2025, kwa shilingi 612,000 kwa mwaka, sehemu ya familia inapanda kutoka 30,600 hadi 61,200. Mkopo unatoka 153,000 hadi 183,600, na fedha za matumizi zinashuka kutoka 60,000 hadi 55,000. Hata zile 30,600 za bendi ya chini kabisa ni zaidi ya mapato yake yote ya miezi mitano. Chombo cha upimaji kiliangalia mambo mengine pia, kama ukubwa wa familia na ulemavu, kwa hiyo mfano huu hauelezi hatima ya kila mwombaji. Unaeleza jinsi mpaka uliochorwa kwa mapato ya mwezi usivyowafaa watu wasio na mwezi wa kawaida. Kazi ya mjengo hukatika mvua inapokaza. Kufua hukatika Desemba waajiri wanapokwenda mashambani. Fomu inauliza mapato ya mwezi. Mama anajibu kwa mwezi anaoukumbuka, na mara nyingi anaoukumbuka ni ule alioweza kulipa kodi ya nyumba.

Alama ya shule nayo imewadhulumu, na hili halikuanza jana. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware husoma katika shule za jamii zinazotambuliwa chini ya mpango wa elimu mbadala, APBET, kwa sababu shule za serikali kama Olympic, Ayany au Kawangware Primary haziwatoshi wote. Nyingi ya shule hizo za jamii hutoza karo ndogo na huhesabiwa kuwa za binafsi. Serikali ilipoamua mwaka 2011 kupunguza nafasi za watoto wa shule za binafsi katika shule za kitaifa, ikilenga akademia za matajiri, iliwagusa pia waliosomea vyumba vya mabati. Wanafunzi walipolalamikia bendi zao mwaka 2024, jambo lilelile lilijirudia upande wa pili: waliosoma shule za gharama kubwa kwa hisani ya wafadhili walijikuta katika bendi za wenye uwezo.

Kisha kuna karatasi. Mkopo unahitaji kitambulisho. Katika Makina, kwa Wanubi ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles na waliishi Kibera kabla ya Kenya kuitwa Kenya, kitambulisho kwa muda mrefu kilipatikana baada ya kuhojiwa na jopo la uhakiki. Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua mwaka 2011 kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Kijana aliyeitwa chuoni Agosti hakuweza kungoja jopo.

Hata karo ikilipwa yote, bado kuna gharama ambayo hakuna bendi inayoitaja: kusoma ukiwa nyumbani. Anayetoka Turkana au Tana River hudhaniwa na kila mtu kwamba anahitaji kitanda. Anayetoka Kianda, huko Kibera, hudhaniwa ana kwao. Lakini kwao ni chumba kimoja, taa ya umeme usiotegemewa, maji ya kununua kwa mtungi, na choo cha kulipia. Akibaki katika maktaba ya Jomo Kenyatta ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi usiku, anarudi kupitia vichochoro ambavyo wazazi wake wenyewe huviogopa saa hizo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na masomo kuhamia intaneti, wenye chumba chao waliendelea. Yeye alitafuta bando na mahali pa kukaa.

Na fedha za matumizi hazibaki zake. Shilingi 60,000 zikigawanywa kwa miezi 12 ni 5,000 kwa mwezi, na kijana anayekaa nyumbani hawezi kuzificha wakati mwenye nyumba anatishia kung'oa mlango au mdogo wake amefukuzwa shule. Mwenzake aliye mbali na kwao analindwa kidogo na umbali. Naye huwatumia wa nyumbani, ila si kila siku. Nadhani hapa ndipo wanafunzi wengi wa mitaa hii hupotea, polepole, kwa muhula mmoja usiosajiliwa, kisha mwingine.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni kwamba Nairobi imependelewa kwa karne nzima, na kuomba zaidi kwa ajili yake ni kuwanyima Wajir na Kwale. Nalichukua kwa uzito. Ninachoomba hakihusu Nairobi kama kaunti. Kinahusu kuacha kuutazama umaskini kwa kaunti. Utaratibu ukipima wadi na nyumba, kijiji cha Wajir hakipotezi chochote.

Mahakama Kuu, kupitia Jaji Chacha Mwita, ilitangaza tarehe 20 Desemba 2024 kwamba mfumo wa bendi unakwenda kinyume na katiba, serikali ikakata rufani, na mwaka 2025 karo za kozi zikapunguzwa. Punguzo hilo linasaidia. Halibadilishi kipimo, kwa kuwa asilimia ya kiasi kidogo bado inagawanywa kwa mpaka uleule. Wapo waliofikia digrii kwa njia nyingine kabisa: Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004, alipata shahada yake mwaka 2012 katika Wesleyan University, jimbo la Connecticut, Marekani. Kwamba mwana wa Kibera anayejulikana duniani alisomea Connecticut ni heshima kwake na swali kwa University Way.

Kuna mambo ambayo vyuo vinaweza kuyafanya bila kungoja rufani wala sheria mpya. Wadi ya mwanafunzi na aina ya nyumba anayoishi ziandikwe wakati wa usajili, na takwimu za wanaoacha masomo zichapishwe kwa wadi. Vitanda vya mwaka wa kwanza vigawanywe kwa kuangalia mahali pa kusomea nyumbani, pasipo kudhani kwamba mkaazi wa Nairobi anacho. Fedha za matumizi zimfikie mwanafunzi kabla ya siku ya kuripoti. Mapato ya kibarua yapimwe kwa mwaka, na bendi ishuke kidogo kidogo badala ya kuvunjika kwenye shilingi moja. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya, walioingia gredi ya 10 Januari 2026, watafika milango ya vyuo vikuu mwaka 2029. Baadhi yao wako Mashimoni ya Kibera na Kabiro ya Kawangware hivi sasa, na fomu watakazojaza bado hazijachapishwa.