Tabibu Aliyekuwa Mfungwa: William Redfern na Koloni la New South Wales

Sehemu hii inachunguza maisha ya kazi ya William Redfern ili kuonesha jinsi dola ya kikoloni ilivyoweza kuutumia ujuzi wa mtu huku ikimnyima hadhi iliyoambatana nao.

Mwaka 1797 Redfern alikuwa msaidizi wa tabibu katika manowari ya Kiingereza, Standard. Mabaharia walipoasi huko Nore, aliwashauri waungane zaidi. Kwa kauli hiyo alihukumiwa kifo, lakini adhabu ikapunguzwa kwa sababu ya ujana wake. Baada ya miaka minne gerezani alipelekwa New South Wales, na mwaka 1802 akaanza kutibu wafungwa katika kisiwa cha Norfolk. Alisamehewa mwaka 1803. Hata hivyo, kwa kuwa hakuwa na hati za kuthibitisha elimu yake, mwaka 1808 alitahiniwa na matabibu wa Sydney, akafaulu.

Mchango wake mkubwa ulikuja mwaka 1814. Katika meli ya General Hewitt walikufa wafungwa 34 kati ya 300, na meli ya Surry ilifika ikiwa imeshambuliwa na homa ya taifasi. Gavana Macquarie alimwagiza achunguze. Redfern hakuwalaumu wafungwa. Alionesha kwamba vifo vilitokana na hewa nzito, uchafu, chakula pungufu na kunyimwa kupanda sitahani. Alipendekeza kila meli iwe na tabibu mwenye mamlaka yake, hasa kutoka jeshi la wanamaji. Kuanzia mwaka 1815 pendekezo hilo lilizaa cheo cha tabibu msimamizi.

Mwaka 1819 nafasi ya tabibu mkuu wa koloni ilipokuwa wazi, London ilimteua James Bowman, ambaye mwenyewe alikuwa amehudumu kama tabibu msimamizi katika meli za wafungwa. Redfern alijiuzulu. Macquarie alimfanya hakimu, Kamishna Bigge akapinga, na baadaye serikali ikautengua uteuzi huo.

Kwa hiyo, si sahihi kuusoma msamaha wa mwaka 1803 kama mwisho wa adhabu. Ripoti ya Redfern ilikubaliwa na cheo kilichotokana nayo kikampandisha mtu mwingine, ilhali mwandishi wake alibaki kuhesabiwa mfungwa hadi alipofariki Edinburgh mwaka 1833.