Mwendokasi ya Dar es Salaam: ilianza vipi na inafanya kazi vipi

Mtu wa Mombasa mwenye jamaa Dar es Salaam hakosi kulisikia neno mwendokasi. Wengi hudhani ni jina la kampuni. Si kampuni, ni jina la mtaani la mabasi yaendayo haraka, na nyuma yake kuna taasisi mbili ambazo hata wenyeji huzichanganya. DART ni wakala wa serikali, ulioundwa 2007, unaosimamia barabara, vituo na mradi wote. UDART ni kampuni iliyopewa kazi ya kuendesha mabasi. Basi likichelewa abiria humtukana yeyote kati yao, ila nani mwenye kosa ni swali jingine.

UDART nayo haikuota tu. Mzizi wake ni UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, shirika lililoanzishwa 1974 baada ya kampuni ya zamani ya DMT kutaifishwa na kugawanywa. UDA ilibaki na usafiri wa mjini, na KAMATA ikachukua mabasi ya mikoani. Mabasi ya UDA yakapungua mwaka hadi mwaka kwa kukosa vipuri na fedha, watu wakawa wanalala vituoni, na 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Hapo ndipo daladala ilipopata jina.

Sisi pia tulipita njia hiyo hiyo. Kenya Bus Services, iliyoanza Nairobi 1934, iliendesha mabasi Mombasa pia, na kwa muda ndiyo iliyokuwa na feri ya Likoni, mpaka Kenya Ferry Services ilipoundwa 1989. Kijana wa leo ukimwambia kuwa kampuni ya basi ndiyo iliyokuwa ikivusha watu Likoni, atakutazama tu. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na kuanzia hapo basi kubwa likawa linashindana na gari dogo lisilofuata ratiba wala kubeba wasiolipa. Stagecoach ya Uingereza ilinunua hisa nyingi za kampuni 1991 ikauza 1998. Dar walifika mahali pale pale tulipofika sisi, kisha wao wakajaribu kurudi nyuma wachukue upya njia.

Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na Rais John Magufuli akauzindua mradi rasmi Januari 2017. Awamu ya kwanza ina urefu wa kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani pale Kariakoo. Walianza na mabasi 140, mengine marefu ya mita 18 yenye kiungo katikati.

Mwenye kwenda mara ya kwanza ajue haya. Tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda, wala hakuna kondakta wa kukudai mkononi. Basi lina njia yake katikati ya barabara, na vituo viko hapo hapo katikati. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, kwa hivyo mama mwenye mtoto mgongoni au mzee mwenye mkongojo haparamii ngazi. Hili mimi naliona kubwa kuliko hata mwendo wenyewe. Yapo mabasi ya njia kuu na mabasi mlisho, yale yanayowatoa watu mitaani na kuwaleta kwenye njia kuu.

Nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 650 za Tanzania kwa njia kuu, 400 kwa mlisho, na 800 kwa vyote viwili. Mwanafunzi alilipa 200. Mwendeshaji alitaka zaidi, serikali ikakataa. Ukitaka kuelewa kwa nini mabasi hujaa kupita kiasi, anzia hapo: nauli nafuu humsaidia abiria, lakini basi likiharibika linatengenezwa kwa fedha hizo hizo.

Kosa kubwa la mradi, kwa maoni yangu, ni karakana ya Jangwani. Iliwekwa kwenye bonde la mto Msimbazi, ambalo kila mtu wa Dar anajua kuwa hufurika. Aprili 2018 maji yaliingia na kuharibu mabasi, na mvua kubwa ikinyesha barabara yenyewe hufungwa pale. Hata hivyo mwaka huo huo Dar ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Yote mawili ni kweli. Kosa la pili ni Mbagala, ambako barabara ilimalizika ikakaa muda mrefu bila mabasi, na wakazi wakipita kando yake wakiwa wamebanana ndani ya daladala.

Mombasa haihitaji kunakili kila kitu. Kisiwa chetu ni kidogo, na barabara ya Digo au ya Jomo Kenyatta haina nafasi ya njia mbili za basi katikati. Lakini kutoka Mtwapa hadi Buxton kuna abiria wa kutosha kila asubuhi, na kutoka Mikindani na Changamwe vilevile. Wanalipa nauli inayopanda mawingu yakitanda, na mwanafunzi anaachwa kituoni kwa sababu makanga anamtaka mtu mzima. Kaunti ikikaa kuzungumza habari ya mabasi, ianze na swali la nauli ya mwanafunzi na nani atakayeilipia, kabla ya kuchora ramani ya vituo.