Habari na Njia Zake katika Shinyanga

Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilipomalizika mwaka wa 1928, Ibadakuli na vijiji vingine vya kandokando ya mji wa Shinyanga vilipata njia mpya ya habari. Gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam, mathalan Mambo Leo la Serikali lililoanza 1923, liliweza sasa kufika kwa gari moshi. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuandikisha magazeti. Hoja yake ilikuwa nyepesi: atakaye kusema na umma hana budi kuwa na mtambo, na mtambo hauna miguu ya kukimbilia.

Mashine ya kudurufu ndiyo iliyoanza kuitatiza hoja hiyo. Tangu mwishoni mwa 1954 hata 1958 Serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Usukuma. Lakini tawi hufungwa kwa barua moja ya bwana shauri. Karatasi iliyodurufiwa hukunjwa ikatiwa mfukoni. Kwa makala iliyotokea katika Sauti ya TANU, gazeti la kudurufiwa, Julius Nyerere alishtakiwa mwaka 1958 kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Yafaa kuangaliwa kwamba aliadhibiwa baada ya kusema, wakati maneno yake yalikwisha kusomwa.

Jambo la Bulyanhulu lilionyesha hatua nyingine. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika machimbo hayo ya wilaya ya Kahama, wakati huo katika mkoa wa Shinyanga. Ilidaiwa kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zilikana, na uchunguzi wa ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia, mwaka 2002, haukuyathibitisha madai hayo. Lakini kanda za video na barua za intaneti zilikwisha kuyafikisha London na Marekani. Mawakili Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, pamoja na Augustine Mrema, wakashtakiwa kwa uchochezi. Neno hilo, litokanalo na kuchochea moto, lilibaki lile lile ingawa kuni zilikuwa nyingine.

Simu ya mkononi iliondoa kabisa gharama ya mtambo. Sheria ikaifuata. Kanuni za 2018 zilimtaka mwenye blogu kukata leseni, kana kwamba kijana mwenye simu amekuwa mwenye kiwanda cha chapa. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya habari ya 2016 vyapingana na Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likairekebisha sheria hiyo.

Lakini wakati huo mkono wa dola ulikwisha kuhama kutoka kwa msemaji kwenda kwenye njia yenyewe. Uganda ilikata intaneti katika uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania, mtandao wa JamiiForums ulisimamishiwa leseni kwa siku 90 mwezi Septemba 2025. Na tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapakushtakiwa makala wala mwandishi kwanza. Mwenye habari za Geita, msomaji wake wa Ibadakuli, na mwenye duka asiye na habari na siasa, wote walinyamazishwa kwa saa moja.