Ithibati ya Jina: Tarikhi ya Sheria za Simu na Mtandao Ionwavyo kutoka Kibondo

Kabla simu ya mkononi haijafika Kibondo na Kasulu, wenyeji wa nyanda hizi walikwisha kuandikwa kwa namba. Tangu mwaka 1944, wenye mashamba ya mkonge walipounda idara ya kukusanya vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, Waha walikuwa miongoni mwa waliosafirishwa kwa wingi kwenda Tanga, ambako kila mmoja alishika kipande chake na kuhesabiwa katika jamii ya manamba. Nayakumbusha haya kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba mas'ala ya sheria za mtandao yalizaliwa juzi pamoja na vyombo vyenyewe, ilhali swali lililo kiini chake, yaani ni nani huyu asemaye, na ana ithibati gani ya jina lake, ni la kale, na katika wilaya zipakanazo na Burundi lina uzito usiofahamika vema huko zinakotungwa kanuni.

Enzi za magazeti, sheria haikutaabika kumtafuta msemaji. Mwaka 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliposhtakiwa kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, ambayo kwa mujibu wa mashtaka iliwakashifu mabwana shauri wawili wa serikali ya kikoloni, hakuna aliyehitaji kuuliza makala ni ya nani; mwandishi alijulikana, akasimama mahakamani akitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilifuata mwendo huohuo: gazeti lisajiliwe, mchapaji na mwenye mali wajulikane, na likikosea wako wa kuulizwa.

Ama simu ilivunja utaratibu huo. Mtu wa Mabamba, wilayani Kibondo, aliweza kununua laini sokoni bila kuandikwa popote, na M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 simu iligeuka kuwa mkoba wa fedha, matapeli nao hawakuchelewa. Wale wanaotuma ujumbe kwamba ile pesa itumwe kwa namba hii wamewaliza wajane na wastaafu wasio na idadi. Insafu yataka niseme kwamba usajili wa laini, ulioanza Julai 2009 na kutiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ulikuwa na sababu njema. Hata kabla ya hapo mahakama nazo zilikuwa zikijitahidi kwenda na wakati: mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za benki zilizotoka katika kompyuta ziwe ushahidi, miaka saba kabla Bunge halijairekebisha Sheria ya Ushahidi.

Mwaka 2015 ndio uliobadili mambo. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyopitishwa na Bunge mwezi Aprili na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba, ilikusanya pamoja wizi, picha za ngono za watoto, uharibifu wa mifumo ya kompyuta, na maneno ya watu. Na hapo kwenye maneno ndipo palipo na taabu, kwa kuwa kifungu cha 16 chamtisha atoaye habari za uongo au za kupotosha kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa shilingi milioni saba au kufungwa miaka mitatu kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook juu ya Rais Magufuli. Kadhalika kifungu cha 32 kiliwapa polisi uwezo wa kudai taarifa zilizomo katika kompyuta, nacho ndicho kilichogusa jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums, ambalo mkurugenzi wake Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016 akikataa kuwataja waliomwandikia pasipo kudhihirisha majina yao. Aprili 2020 alitozwa faini ya shilingi milioni tatu. Naamini alitetea jambo la haki, kwani mtumishi wa halmashauri anayefichua wizi wa fedha za umma hana ngao nyingine ila kutojulikana.

Majirani zetu walikwenda njia nyingine. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha mwaka 2016 kifungu kilichokataza matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mpaka unaoeleweka, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafanya mfano wa hayo Januari 2023. Kwetu, kanuni za mwaka 2018 ziliongeza ada: aliyetaka kuendesha ukurasa wa habari mtandaoni alipaswa kulipa takriban shilingi 2,100,000 mwanzo wa safari, kiasi ambacho kijana wa Kasulu mwenye shamba la maharage hakipati hata akiuza mavuno yote.

Walakini jambo lililotugusa sote, hata wasioandika chochote, ni usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza Mei 2019, na mwisho wake ukatajwa kuwa tarehe 31 Desemba, kisha Rais akaongeza siku ishirini; baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kidole peke yake hakikutosha. Ilihitajika namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, yenye tarakimu ishirini, na Mtanzania hapewi namba hiyo mpaka ahakikiwe kuwa raia. Kwingineko lilikuwa jambo la kusubiri foleni. Huku, ambako Kiha na Kirundi husikilizana, ambako ndugu wa ukoo mmoja hukaa pande mbili za mpaka, na ambako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996 na ile ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015, mwombaji huulizwa na maafisa wa uhamiaji alikozaliwa babu yake na bibi yake, na asipokuwa na mzee wa kumshuhudia hurudi nyumbani mikono mitupu. Hivyo sheria iliyokusudiwa kumnasa tapeli ilimkuta mkulima halali wa Kibondo, ikamtaka athibitishe utaifa wake ndipo aruhusiwe kumpigia simu mwanawe aliyeko Mwanza au kupokea fedha alizotumiwa. Ibara ya 18 ya Katiba yatoa kwa kila mtu haki ya kuwasiliana, na hakuna iliposema kwamba haki hiyo yangoja kitambulisho.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kazi Mei 2023, imeleta kwa mara ya kwanza wajibu upande wa pili: wanaozishika alama zetu za vidole nao wawajibike kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu awe na haki ya kuomba kilichoandikwa vibaya juu yake kirekebishwe. Haikukamilika, kwani Mei 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya maneno yake hayana ubayana, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyatengeneza. Hata hivyo haki hiyo ya kurekebishiwa kumbukumbu ndiyo iwafaayo zaidi watu wa mpakani, ambao jina lililokosewa herufi moja, au kijiji cha kuzaliwa kilichoandikwa kuwa ng'ambo ya mto Malagarasi, huwafungia simu, benki na ajira kwa pamoja. Tume hiyo ina makao yake mbali mno na Kibondo, na ombi langu kwake ni kwamba ifungue dawati Kasulu, pawe na mtu anayejua Kiha, na majalada ya waliokataliwa yaanze kufunguliwa moja baada ya jingine.