Fuko wa Dani

Niliporudi Katito baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (fees iligoma, nami nikagoma), Dani alinipa jina: Fuko. Nilikuwa nimejifungia kwenye simba yangu na simu na bando, sitoki ila njaa ikiuma. Kwa Dani, fuko ni mnyama mchoyo. Anachimba peke yake, anakula viazi vyako kutoka chini, na hataki mwenzake karibu.

Kumbe yuko fuko mwingine, na ni Mkenya kabisa. Hana manyoya, meno yako nje ya midomo, macho karibu hayaoni kitu. Anaishi nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mjerumani Eduard Rüppell alimwandika mwaka 1842, lakini maisha yake chini ya ardhi yalibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 100. Miaka ya 1960 Jennifer Jarvis akaanza kumfuatilia akiwa Nairobi, na mwaka 1981 akatoa majibu kwenye jarida la Science: koloni nzima, makumi ya wanyama, jike anayezaa ni mmoja tu. Wengine wanachimba, wanaleta chakula, wanalea watoto wasio wao. Kama nyuki! Kwa mnyama anayenyonyesha, hilo halikuwa limewahi kuonyeshwa.

Sasa, kwa nini huyu avumilie umati na yule wa Dani asivumilie? Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walipima ubongo wa voli, vipanya wa nyasi wa Marekani. Aina inayokaa mume na mke ilikuwa na vipokezi vingi vya oksitosini kwenye nyukliasi akumbensi, sehemu inayohusika na raha. Binamu zao wa milimani, wasiojali ndoa, walikuwa na vichache. Mwaka 2010 watafiti wakalinganisha fuko wetu na fuko wa Cape, anayeishi peke yake. Hadithi ikawa ileile: wetu ana vipokezi vingi zaidi hapo.

Nilisoma hayo usiku mmoja nikaamini nimejielewa. Ati mimi vipokezi vyangu ni haba tu.

Halafu 2023 wanasayansi wakavuruga jini ya kipokezi hicho kwa voli. Voli wakapendana vilevile. Majike walizaa na kunyonyesha, ingawa watoto wachache zaidi walifika umri wa kuachishwa ziwa. Miaka thelathini ya "homoni ya mapenzi", na panya mwenyewe hakuihitaji ili apende.

Lakini kazi yake ya kwanza hakuna aliyeivuruga. Henry Dale aliiona mwaka 1906, dondoo la tezi ya pituitari lilipokaza mfuko wa uzazi wa paka. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabarani mwaka 1953, na Nobel ikamfuata 1955. Jina lake ni Kigiriki: kuzaa haraka.

Mwezi wa tatu dada yangu alijifungua, na damu ikakataa kukoma. Nikiwa mlangoni nilimwona nesi akifungua friji, maana dawa hii joto huiharibu, akatoa kichupa kidogo. Nikasoma neno ubavuni. Oksitosini. Nilijua historia yake yote na sikuwa na la kufanya ila kusimama pale. Dani alikuwa ameketi sakafuni tangu jioni, hakuna aliyemwita.

Damu ilipungua. Alfajiri Dani akanyanyuka na mtoto, ambaye si wake, akanitazama.

"Nyakwara, toka huko shimoni. Shika huyu, mikono yangu imechoka."

Nikamshika.