Uchina: Nchi, Misikiti Yake na Elimu Iliyodumu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumewahi kusikia mimbarini ile kauli mashuhuri ya kuhimiza kutafuta elimu hata ikiwa Uchina, ikinasibishwa kwa Mtume (s.a.w.). Wanazuoni wa hadithi wameichunguza isnadi yake wakaiona kuwa ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi ameitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa, al-Mawdu'at. Kwa hiyo haifai kuihubiri kuwa ni maneno ya Mtume. Lakini kutothibiti kwa kauli hiyo hakuna maana kwamba Uchina haina la kutufunza. Ipo huko historia ya Waislamu ambayo kila imamu na kila mwanafunzi wa dini angefaa kuijua, na ndiyo tunayokusudia kuieleza kwa ufupi katika makala hii.

Swali letu ni moja. Watu wachache waliozungukwa na mamilioni ya wasiokuwa Waislamu, mbali na Makka, wakiwa wamesahau Kiarabu na Kiajemi cha babu zao, waliihifadhi vipi dini yao kwa zaidi ya miaka elfu moja?

NCHI NA PANDE ZAKE

Uchina ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 9.6, yaani karibu mara kumi ya Tanzania, na watu wake ni kiasi cha bilioni 1.4. Mashariki ni nchi tambarare zenye rutuba, zinazonyweshwa na mito miwili mikubwa, Mto Manjano upande wa kaskazini na Yangtze katikati. Kusini-magharibi lipo jimbo la milima la Yunnan linalopakana na Burma. Magharibi kabisa ni Xinjiang, nchi ya majangwa na milima mirefu, ambamo ilipita njia ya biashara ya hariri kuelekea Asia ya Kati.

Nchi hii iliunganishwa chini ya mfalme mmoja, Qin Shi Huang, mwaka 221 kabla ya Miladia. Karibu na kaburi lake, si mbali na mji wa Xi'an, wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 waligundua maelfu ya sanamu za askari wa udongo. Watalii huenda pia kuuona Ukuta Mkuu, ambao sehemu zake nyingi zinazoonekana leo zilijengwa na wafalme wa Ming. Wengine huzuru kasri la kifalme la Beijing, lililojengwa baina ya mwaka 1406 na 1420, ambalo raia wa kawaida hakuruhusiwa kuliingia. Haya ndiyo mashuhuri. Sisi tutayapita tuelekee misikitini.

UISLAMU ULIVYOINGIA

Vitabu vya historia vya Wachina wenyewe vinataja kufika kwa ujumbe wa Waarabu katika mji mkuu wa wafalme wa Tang, Chang'an, ambao leo ni Xi'an, mwaka 651 Miladia. Hizo zilikuwa zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman (r.a.). Waislamu wa Uchina wanayo masimulizi kwamba aliyewaletea dini ni Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), na katika mji wa Guangzhou lipo kaburi linalonasibishwa naye. Wanahistoria hawayakubali, kwani sahaba huyo alifariki karibu na Madina na akazikwa huko. Hata hivyo masimulizi hayo yanaonyesha jinsi watu hawa walivyotamani kujifungamanisha na masahaba.

Waliouleta Uislamu kwa hakika ni wafanyabiashara, waliokuja kwa bahari na kwa misafara ya ngamia. Katika bandari ya Quanzhou, ambayo Waarabu waliiita Zaytun, ungalipo msikiti wa mawe ambao maandishi yake ya Kiarabu yanaeleza kuwa ulijengwa mwaka 400 Hijiria, sawa na 1009 Miladia. Ibn Battuta, aliyezuru Kilwa yetu mwaka 1331, anasimulia kwamba alifika Zaytun pia, na kwamba katika kila mji wa Uchina Waislamu walikuwa na mtaa wao, misikiti yao na kadhi wao. Huko alikutana na mtu wa Sabta, mji ulio jirani na kwao. Miaka baadaye alikutana na ndugu wa mtu huyo huko Sijilmasa, ukingoni mwa Sahara. Hivyo ndivyo ulimwengu wa Kiislamu ulivyokuwa umeungana.

Pwani yetu nayo haikuwa mbali na njia hizo. Atazamaye makaburi ya nguzo ya Kunduchi au ya Mambrui ataona mahali palipopachikwa mabakuli ya kaure ya Kichina.

WAGENI WANAKUWA WENYEJI

Wamongoli walipoitawala Uchina katika karne ya 13, waliwaleta Waislamu wengi kutoka Bukhara na Uajemi kuwa watawala, wahandisi na wanajimu. Mmoja wao ni Sayyid Ajall Shams al-Din, mtu wa Bukhara, aliyekuwa gavana wa Yunnan tangu mwaka 1274 hadi alipofariki mwaka 1279. Ni katika jimbo hilo ambamo tutawakuta wengi wa wanazuoni tutakaowataja.

Lakini cheo hakikuwa kinga. Mwaka 1280 mfalme Kublai Khan, aliyekasirishwa na Waislamu waliokataa kula nyama ya Wamongoli, alipiga marufuku uchinjaji wa Kiislamu. Marufuku hayo yalidumu miaka kadhaa, mpaka mawaziri wake walipomweleza kuwa wafanyabiashara Waislamu wameacha kuja na mapato yamepungua.

Mwaka 1368 Wamongoli waling'olewa na ukaja utawala wa Ming. Mavazi na majina ya kigeni yalikatazwa, na sheria ikawataka watu wenye asili ya nje waoe Wachina. Ndipo Waislamu wakachukua majina ya Kichina, na wengi wakachagua jina Ma, ambalo aghalabu hunasibishwa na Muhammad. Baada ya vizazi vichache walikuwa Wachina kwa sura na kwa lugha. Hao ndio wanaoitwa Hui.

Miongoni mwao alizaliwa Yunnan, mwaka 1371, Ma He, ambaye baba yake na babu yake walijulikana kwa jina la Haji. Mtoto huyu alitekwa vitani, akahasiwa, akalelewa katika utumishi wa kifalme, na akapewa jina la Zheng He. Ndiye amiri aliyeongoza safari saba za majahazi makubwa baina ya mwaka 1405 na 1433, na majahazi yake yalifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga. Baada ya mwaka 1433 safari hizo zilisimamishwa na milango ikafungwa.

MADRASA YA MSIKITINI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Katika karne ya 16 hali ya dini ilikuwa dhaifu. Vitabu vilikuwa vichache, walimu wachache zaidi, na waliokuwepo walisoma matamshi bila ya kufahamu maana. Mwenyezi Mungu akamleta Hu Dengzhou (1522–1597), mtu wa jimbo la Shaanxi, naye akaanza kuwakusanya wanafunzi na kuwasomesha. Kutokana naye ukaenea nchi nzima mpango wa masomo ya msikitini. Wanafunzi waliishi msikitini kwa gharama za jamaa wa mtaa, na kila mmoja akaitwa khalifa. Aliyehitimu alivishwa joho mbele ya watu, akawa ahong, neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake mwalimu na imamu.

Walisoma nini? Walisoma nahau na balagha, Sharh al-Wiqaya katika fiqhi ya Kihanafi ambayo ndiyo madhehebu yao, tafsiri ya Baydawi, na tafsiri ya Jalalayn ambayo wanafunzi wa pwani yetu wanaijua vyema. Matini zilibaki katika Kiarabu na Kiajemi, lakini mwalimu alizifasiri neno kwa neno kwa Kichina. Wanafunzi wasiojua kuandika Kichina waliiandika lugha yao hiyo kwa herufi za Kiarabu.

Wakafuata waandishi. Wang Daiyu alichapisha mwaka 1642 kitabu cha kuueleza Uislamu kwa Kichina fasaha, na baada yake Liu Zhi wa Nanjing akaandika juu ya sharia na ibada kwa namna ambayo hata msomi asiyekuwa Mwislamu angeifahamu. Ma Dexin wa Yunnan aliondoka kwenda Hija mwaka 1841 kupitia Burma, akazuru Misri na Istanbul, akarejea na kuanza kuifasiri Qur'ani. Wang Jingzhai alitoa tafsiri kamili mwaka 1932. Ma Jian, mzaliwa wa kijiji cha Shadian huko Yunnan, alisoma al-Azhar, na tafsiri yake kamili ikatoka mwaka 1981, miaka mitatu baada ya kufariki kwake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wanawake nao hawakuachwa. Huko Kaifeng ipo misikiti ya wanawake peke yao, na mmoja wao ni wa tangu mwaka 1820. Mwalimu wake ni mwanamke, na kazi yake kubwa ni kuwasomesha wenzake. Hukumu ya mwanamke kuwaswalisha wanawake wenzake wanazuoni wameijadili, na hapa si mahali pake.

MSIKITI WA XI'AN

Mwenye kufika Xi'an asikose kuuona Msikiti Mkuu, ambao majengo yake ya sasa asili yake ni mwaka 1392. Mgeni anaweza kuupita asijue kuwa ni msikiti. Hauna kuba. Mapaa yake yamepinda pembeni kama ya nyumba za Wachina, nyua zinafuatana moja baada ya nyingine, na mnara wake ni kama kibanda cha bustani chenye ghorofa. Lakini atazame mwelekeo. Mahekalu ya Wachina huelekezwa kusini, ilhali msikiti huu umelazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa huko ndiko iliko Makka. Waliujenga kwa miti na ufundi wa nchi yao, na Kibla hawakukibadilisha. Msikiti kwa lugha yao huitwa qingzhensi, nyumba ya usafi na ukweli, na neno hilo hilo qingzhen ndilo linaloandikwa juu ya milango ya hoteli za chakula cha halali.

MISUKOSUKO

Tusidhani kwamba njia ilikuwa laini. Mwaka 1856 Waislamu waliuawa kwa wingi mjini Kunming, na vita vilivyofuata Yunnan viliendelea hadi mwaka 1873. Ma Dexin mwenyewe aliuawa na serikali mwaka 1874, akiwa mzee wa miaka 80. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia mwaka 1966 hadi 1976, misikiti ilifungwa na vitabu vikachomwa. Mwaka 1975 jeshi lilikishambulia kijiji cha Shadian, kijiji kile kile cha Ma Jian, na zaidi ya watu elfu moja wakauawa.

Upande wa Xinjiang wapo Wauighur, watu wa asili ya Kituruki, ambao watawala wao waliingia katika Uislamu tangu karne ya 10. Kashgar ndio mji wao mashuhuri, nao ndio ulionasibishwa na Mahmud al-Kashgari, aliyetunga kamusi ya Kituruki kwa Kiarabu katika karne ya 11. Kwa hesabu ya mwaka 2020 Wauighur wanazidi milioni 11, na Hui vilevile. Tangu mwaka 2017 Wauighur wengi mno wamewekwa vizuizini. Ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 31 Agosti 2022, ilisema kuwa vitendo hivyo huenda ni jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali ya Uchina inakanusha. Kwa Hui nako, tangu mwaka 2018 umekuwapo mpango rasmi wa kuufanya Uislamu uwe wa Kichina, na makuba na minara ya misikiti mingi imeondolewa. Mwaka 2024 ikajulikana kuwa kuba za msikiti mkubwa wa Shadian nazo zimeondolewa.

Msomaji atauliza: je, msikiti wa Xi'an si haukuwa na kuba tangu mwanzo? Ni kweli. Tofauti ni kwamba Waislamu wa Xi'an waliujenga vile kwa hiari yao, wakijua lipi ni la dini na lipi ni la mila. Kuba si nguzo ya Uislamu. Lakini anayelazimishwa kuivunja leo, haambiwi ukomo wa kulazimishwa ni wapi.

MAFUNZO KWETU

Funzo tunalolipata ni kwamba dini haikuhifadhiwa Uchina kwa mapaa wala kwa makuba, bali kwa mwalimu aliyekaa na mwanafunzi wake na kumfahamisha maana kwa lugha ya mama yake. Sisi nasi tunao urithi huo. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy alitutolea tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969. Hatuna, alhamdulillahi, wa kutufungia misikiti. Lakini wangapi miongoni mwa watoto wetu wanahitimu chuo hawajui maana ya sura fupi wanazoswalia? Wangapi wanatoka msikitini siku ya Ijumaa bila ya kufahamu walilohutubiwa? Waislamu wa Shaanxi waliliona tatizo hilo zaidi ya miaka 400 iliyopita, wakalitibu kwa uwezo mdogo waliokuwa nao. Na sisi tulitibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafariji ndugu zetu waliomo katika dhiki, na atuwafikishe sisi kuifahamu dini yetu na kuifundisha. Wabillahi tawfiq.