Redio ya Tandika na Paa la Anga

Baba alikuwa na mazoea yake. Baada ya swala ya isha, kule Tandika, anatoa redio kibarazani, anavuta antena, anaanza kutafuta stesheni taratibu. Mchana redio ile ilishika stesheni chache tu. Usiku, kumbe dunia nzima imo mle ndani. Nikimuuliza kwa nini, ananijibu, "Mwanangu, usiku sauti zinatembea."

Hakukosea. Juu yetu, kuanzia kilomita 60 hivi hadi mamia ya kilomita, mionzi ya jua huvunja chembe za hewa na kuacha elektroni huru. Tabaka hilo ndilo ionosfea. Sehemu yake ya chini humeza mawimbi ya redio mchana. Jua likizama sehemu hiyo hufifia, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu, ambalo huyarudisha ardhini mbali sana.

Kwa njia hiyohiyo sauti ya Dar es Salaam ilivuka mipaka. Miaka ya 1960 na 1970, vyama vya ukombozi kama FRELIMO na SWAPO vilipewa muda wa kutangaza kupitia Radio Tanzania. Historia ya ukombozi tunaiandika kwa makambi, bunduki na hotuba. Ni nadra kukumbuka kwamba ilipita pia angani, ikidunda kwenye paa ambalo hakuna serikali iliyolijenga.

Sasa, nani alilipima paa hilo? Tarehe 26 Aprili 1967, Tanzania ikiadhimisha miaka 3 ya Muungano, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Kazi yake ilikuwa kupima hewa ya juu na ionosfea ya Ikweta. Oktoba mwaka huohuo ikaanguka na kuungua.

Mwishoni mwa muongo huo, wanasayansi wa mataifa mbalimbali wakaanza kutayarisha kielelezo cha pamoja, International Reference Ionosphere. Leo ni programu ya kompyuta: unaipa tarehe, saa na mahali, inakukadiria elektroni zilizopo. Lakini kielelezo hiki hulishwa vipimo. Penye vipimo vingi kinajua, penye vichache kinabahatisha, na vituo vya Afrika vimekuwa vichache siku zote.

Hilo linatugusa, maana anga letu lina mambo yake. Ikweta ya sumaku, tofauti na ile ya ramani, inapita Ethiopia. Huko, mchana, nguvu za umeme na sumaku ya dunia huinua elektroni juu, kisha zikateleza kaskazini na kusini na kurundikana. Dar es Salaam iko jirani na rundo la kusini. Jua likizama tabaka hilo huweza kuvurugika, na ishara za GPS zikayumba. Mpima viwanja wa Mbagala ana sababu ya kujali.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma wamekuwa wakilinganisha vipimo vya GPS na kielelezo hicho. Kila viwili hivyo vinapopishana, mimi naona pengo la kihistoria: mahali ambapo watu walisikiliza usiku kucha, na hakuna aliyekuja kuwauliza wamesikia nini.

Baba hakuandika popote. Angeandika tu saa na jina la stesheni, daftari lake leo lingekuwa data.